Mvinyo mweupe katika darasa la Bangale

Kila mwaka wanafunzi wetu wa ualimu wanapokwenda kufundisha nyanjani, sisi wahadhiri hugawiwa maeneo ya kuwakagua. Wakubwa wa idara huzichagua shule zilizo karibu na hoteli nzuri, na orodha inapofika chini, mimi huwa nimebakiziwa Tana River. Wenzangu hunipa pole. Pole hiyo naipokea kwa unafiki kidogo, maana nilizaliwa kando ya mto huo, na kwangu safari ya Tana ni safari ya kurudi nyumbani kwa nauli ya mwajiri.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta Bangale, kwenye barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, mahali ambapo msafiri aliyekwisha kuiacha Ukasi huanza kuona ngamia wengi kuliko magari. Mto wenyewe hauonekani kutoka hapo. Kuna vumbi, kuna miti ya migunga, kuna maduka, na kuna shule ya upili ambayo jina lake nitalihifadhi kwa sababu msomaji atazielewa baadaye. Mwanafunzi wangu, kijana mpole kutoka mkoa wa mbali ambao mvua hunyesha karibu kila jioni, alikuwa na kipindi cha Kiswahili katika kidato cha tatu saa nne asubuhi. Nikaketi nyuma ya darasa na fomu yangu, kama ada ya mkaguzi.

Aligawa karatasi za ufahamu. Zilikuwa nakala za mtihani wa majaribio, ile mitihani ambayo shule zetu hununua kwa mafungu kutoka kwa wachapishaji wa mitaani. Nikaipitia karatasi yangu, na moyo ukanidunda. Kifungu kilihusu shamba la mizabibu la ukoo mmoja nchini Ufaransa, linalotengeneza mvinyo mweupe. Kilikuwa kimefasiriwa, tena vibaya, kutoka maandishi ya kibiashara ya kumsifia mnunuzi bidhaa. Mfasiri aliandika "mvinyo nyeupe kavu", akakosea upatanisho wa kisarufi mara mbili katika maneno matatu. Swali la tano lilimtaka mwanafunzi aeleze maana ya msemo huo huo.

Darasa zima lilikuwa la watoto wa Kiislamu, Waorma wengi, Wasomali kadhaa, na Wamunyoyaya wawili watatu. Nilidhani tatizo lingekuwa la dini. Halikuanzia hapo. Msichana mmoja aliyeketi safu ya dirishani aliinua mkono, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka: "Mwalimu, mvinyo si ni kitu cha majimaji? Kinakuwaje kikavu?"

Darasa likacheka. Mwalimu akacheka pia, kisha akaona kwamba hana jibu, na uso ukambadilika. Mvulana wa mbele akaingilia: "Na hapa juu wameandika mvinyo, hapa chini divai. Ni vitu viwili?" Mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini iliyosikika, kwamba hivyo vyote ni haramu na hawana haja navyo. Mwalimu wangu akatazama saa, akanitazama mimi, akasema: "Hiki kifungu hakitatoka katika mtihani. Tukiruke. Fungueni kitabu cha fasihi."

Nami nikaandika kwenye fomu yangu kile ambacho wakaguzi tumezoea kuandika, kwamba matini hayakuafiki mazingira ya mwanafunzi. Nikampa alama ambayo, kwa ukweli, ingemrudisha nyanjani mwaka wa pili.

Jioni alinijia nilikofikia. Hakuja kulia wala kubembeleza. Alisema: "Daktari, mimi sikuichagua ile karatasi. Nilikabidhiwa. Na nilipouliza kama naweza kubadilisha, niliambiwa imekwisha kulipiwa." Kisha akaniuliza swali ambalo lilinikosesha usingizi: "Lakini hata ningeichagua mwenyewe, ulitaka niwajibu nini?"

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye mwalimu, nataka tulikabili swali hilo bila kukwepa, kwa kuwa mimi nililikwepa kwa kalamu nyekundu.

Tuanze na yule mvulana wa mbele. Mvinyo na divai, katika matumizi ya leo, ni kitu kimoja, lakini ni wageni wawili walioingia nyumbani kwa milango tofauti. Mvinyo ni Mreno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, wakanyang'anywa mwaka 1698, na katika karne hizo mbili walituachia meza, bendera, gereza, leso, karata, na neno lao vinho. Kiswahili hakikuridhika na kulichukua vile vile. Kililibandika kiambishi m-, kikaliingiza katika ngeli ya mti na mto, ndiyo maana tunasema mvinyo huu na mvinyo mweupe.

Divai ni Mfaransa, na kisa chake kinanipendeza zaidi. Mfaransa anayetaka kinywaji hicho haombi vin tu. Huomba du vin, yaani kiasi cha kinywaji hicho, na sikio la mtu wa pwani halikuona sababu ya kutenganisha kipande kidogo cha mbele na jina lenyewe. Likameza vyote viwili. Watu wa kisiwa cha Morisi walifanya vivyo hivyo katika Krioli yao: divai kwao ni diven, maji ni dilo, wali ni diri. Mimi huona kwamba ufanano huo si wa bahati. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka, ili wapelekwe katika mashamba ya visiwa hivyo. Mapadri wa Kifaransa waliofika Unguja mwaka 1860 walitoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 misheni yao ikaanzishwa Bagamoyo. Basi neno hili, kama lilivyopita midomo ya mabaharia, wauza watu na mapadri, limekuja na harufu zaidi ya moja. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ikaliteua kwa arusi ya Kana, na tangu hapo divai imekuwa na heshima ya kanisani ambayo mvinyo haina.

Hata tunda lenyewe lina kisa. Kwa Kiarabu, zabibu ni lile lililokaushwa. Jahazi halikuweza kuleta matunda mabichi kutoka Uarabuni yakafika mazima, lilileta makavu, nasi tukalijua tunda kwa jina la maiti yake. Leo tunaliita zabibu hata likiwa bichi limejaa maji. Ningemwambia yule msichana kwamba katika lugha yake mwenyewe kuna kitu kibichi chenye jina la kitu kikavu, na hakuna anayecheka. (Konyagi nayo imetokana na Cognac, jina la mji wa Ufaransa ambao haukupata kuulizwa ruhusa, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Sasa nije kwenye ukavu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa miezi mitatu katika mji wa Tours nikijifunza Kifaransa. Mji huo uko kwenye mto Loire, mrefu kuliko yote nchini Ufaransa, wenye kilomita elfu moja na ushei. Nakumbuka nilivyolisoma hilo nikacheka peke yangu, kwa kuwa Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya, una takriban kilomita elfu moja. Yapata kilomita kumi mashariki ya Tours kuna kijiji kiitwacho Vouvray, na huko hutengenezwa mvinyo mweupe tu, kwa zabibu za aina iitwayo Chenin Blanc. Mwenye nyumba niliyopanga alinipeleka siku moja kwa jamaa zake wenye shamba. Nilimweleza kwamba mimi ni Mwislamu na sinywi. Akajibu kwamba si lazima kunywa ili kujua.

Sikumwamini mpaka nilipoona. Kilima chote cha Vouvray ni chokaa nyeupe laini iitwayo tuffeau. Watu wa kale walichimba humo mawe ya kujengea makasri ya wafalme, na mashimo waliyoyaacha yamekuwa maghala, yana baridi ile ile kiangazi na kipupwe. Bibi mmoja, mkuu wa ukoo, alisimama gizani na glasi mkononi, akainusa, akaonja, akaitembeza kinywani kama mtu anayesukutua, kisha akatema yote katika ndoo. Akaonja nyingine, akatema. Nilikaa pale saa nzima, na yule aliyejua mvinyo kuliko wote tuliokuwapo hakumeza hata funda moja.

Huyo bibi ndiye aliyenifafanulia kwamba mvinyo wa Vouvray huitwa kwa daraja: sec, demi-sec, moelleux. La kwanza, ukilifasiri neno kwa neno, ni "kavu", na hapo ndipo mfasiri wa ile karatasi alipoanguka. Jambo lenyewe ni jepesi kwa yeyote aliyesoma kemia ya kidato cha pili. Hamira hula sukari ya tunda na kuigeuza kileo. Ikila yote, utamu hubaki haupo, na huo ndio ukavu wao. Ikisimamishwa kabla haijamaliza, au sukari ikiwa nyingi kupita uwezo wake, utamu hubaki. Chenin haikomai kwa pamoja, kwa hiyo wavunaji hurudi katika mizabibu ile ile mara kadhaa, wakichuma kwa mkono. Miaka mingine wakulima huacha matunda yashikwe na kuvu fulani ambayo huyafyonza maji na kuyazidishia utamu. Uozo huo wanauita wa kiungwana. Kuna nyakati ninafikiri kwamba lugha yoyote ikikaa muda mrefu na kitu huanza kukisamehe.

Mashuhuri kuliko mashamba yote ya huko ni lile la ukoo wa Huet, lililoanzishwa mwaka 1928 na Victor Huet pamoja na mwanawe Gaston. Gaston alikaa miaka mitano mateka wa Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akarudi, na mvinyo wao wa mwaka 1947 ungali ukitajwa na wajuzi kama mtu anavyotaja mwaka wa mvua kubwa. Alikuwa meya wa Vouvray kwa miongo mingi. Serikali ilipotaka kupitisha reli ya treni ya kasi katika mizabibu, ubishi ukawa mkubwa hata treni ikapita chini ya kilima, ndani ya handaki. Gaston alifariki mwaka 2002. Mwaka uliofuata shamba likauzwa kwa watu wa nje ya ukoo. Mkwewe, Noël Pinguet, aliyelisimamia kwa miaka mingi, akaondoka mwaka 2012. Jina la Huet limebaki kwenye chupa. Vipande vitatu vya ardhi, Le Haut-Lieu, Le Mont na Clos du Bourg, navyo vimebaki, kila kimoja na ladha yake, na wanaokifanyia kazi leo ni jamaa ya mnunuzi.

Habari hiyo iliniuma kuliko nilivyotarajia, nami nikaelewa baadaye kwa nini.

Mama yangu alizaliwa upande wa Ngao, huko chini karibu na delta, kwa Wapokomo Wakristo, kabla ya kuolewa juu kwa Wapokomo Waislamu na kusilimu. Baba yake alikuwa mgema. Aligema mikindu iliyokuwa kando ya maji, na kila kichaka kilikuwa na mwenyewe, kikirithiwa kama vile Le Mont inavyorithiwa. Kugema mkindu si sawa na kugema mnazi. Mnazi hukatwa karara na mti ukaendelea kuishi. Mkindu hukatwa kileleni, na shina likigemwa mpaka mwisho hufa. Lakini mkindu huota mashina mengi kwa pamoja, basi mgema mwenye akili hachukui yote. Babu alijua shina lipi liachwe, lipi lisubiri, na lipi lina matunda ambayo tumbili watayahitaji. Tumbili wenyewe si wa kawaida. Yuko ngolaga wa Mto Tana, ambaye haonekani popote duniani isipokuwa katika misitu hiyo, na tunda la mkindu ni katika chakula chake kikuu. Hifadhi iliyotangazwa mwaka 1976 kwa ajili yake na mbega wa Tana ilimkuta mgema humo tangu zamani, na wataalamu wakaandika juu ya ushindani wa mtu na nyani katika mti mmoja. Walikuwa na haki ya kuandika. Natamani wangeuliza pia yale majina ya mashina.

Kwa babu, tembo lilikuwa tamu asubuhi, na jioni lilikuwa kali. Hakuna mtu wa Tana au wa Kilifi, mnywaji na asiyekunywa, asiyejua maneno hayo mawili. Tembo tamu ni lile ambalo sukari haijaliwa. Tembo kali ni lile ambalo imeliwa. Mfasiri wa ile karatasi alikuwa na sec mkononi, na Kiswahili kilikuwa na mgema anayepambanua jambo hilo hilo kila siku ya Mungu, lakini hakumwendea mgema. Alikwenda kwenye kamusi ya Kiingereza, akakuta "kavu". Sisemi kwamba sec ifasiriwe "mkali" moja kwa moja, kwa sababu mkali wetu una ulevi ndani yake na sec ya Mfaransa haina maana hiyo. Nasema kwamba msamiati wa ladha tunao, uko vinywani mwa watu ambao hatuwaulizi.

Na kwa nini hatuwaulizi? Nathubutu kusema kwamba ni kwa sababu ya heshima tuliyomvua mgema. Katika nchi yetu kinywaji chenye kizibo na lebo huitwa mvinyo, na kile cha kibuyuni huitwa pombe ya kienyeji, na sheria za Kenya zilivitenga hivyo kwa miaka mingi, mpaka Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 ilipozifuta zile za zamani na kuviweka vyote chini ya paa moja. Mimi si mtetezi wa ulevi. Nimezika jamaa kwa sababu yake. Lakini tazama methali yetu: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunaifundisha kama onyo kuhusu sifa, na mwanafunzi huishia hapo. Wafaransa walikuwa na mgema wa aina hiyo kwa maelfu. Walitia maji, wakatia sukari, wakatengeneza mvinyo kwa zabibu kavu zilizolowekwa. Sheria ya mwaka 1889 ikabidi ieleze mvinyo ni nini, kwamba ni kile kilichochachushwa kutoka zabibu mbichi. (Kwa kipimo hicho, ule mvinyo wa papai uliowahi kutengenezwa hapa Kenya usingekuwa mvinyo.) Mwaka 1907 wakulima wa kusini ya Ufaransa wakaandamana kwa malaki, damu ikamwagika, na mwezi Juni mwaka huo bunge lao likapitisha sheria ya kuzuia kutia maji. Mwaka 1935 wakaweka utaratibu wa kulinda majina ya mahali, na mwaka uliofuata Vouvray ikawa jina ambalo asiye wa Vouvray haruhusiwi kuliandika kwenye chupa. Yaani walichukua maudhui ya methali yetu wakayafanya sheria ya nchi. Sisi tukayafanya swali la alama mbili.

Zabibu hiyo ya Chenin, msomaji, haikukaa Ufaransa. Iko Afrika Kusini kwa wingi mno, na iko jirani zetu Dodoma, pamoja na ile nyekundu iitwayo Makutupora, ambako joto na ardhi huruhusu mavuno mawili kwa mwaka. Mtoto wa Bangale akiambiwa kwamba ardhi kame inayofanana na yake inatoa zabibu, hajaambiwa anywe. Ameambiwa habari ya kilimo.

Nilimsimulia kijana wangu sehemu ya hayo yote usiku ule, tukiwa tumeketi nje kwenye viti vya plastiki, na yeye akinisikiliza kwa adabu ya mtu ambaye bado anajua alama yake ni mbovu. Nilipomaliza akasema: "Daktari, hayo ni yako. Ulikwenda Ufaransa. Babu yako alikuwa mgema. Mimi na wale watoto tutaanzia wapi?"

Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Nikamwomba kitu kimoja, arudie kipindi kesho yake, na karatasi ile ile, bila mimi kumwambia afanye nini.

Asubuhi hakugusa mvinyo. Aliandika ubaoni neno "maziwa", akauliza kama maziwa yote yana ladha moja. Darasa likamtazama kama mtu aliyeuliza kama jua huchomoza. Mvulana yule aliyesema haramu ndiye aliyeanza. Akasema maziwa ya ng'ombe waliolishwa karibu na mto si sawa na ya wale waliotoka bara. Mwingine akasema kuna jani ambalo ngamia akilila, maziwa huwa na uchungu, na akalitaja kwa Kiorma, na wenzake wakakubali. Msichana wa safu ya dirishani akasema kuwa hata kibuyu kina ladha yake, kwa sababu hufukizwa kwa moshi wa miti maalumu, na bibi yake hujua kwa kunusa tu kibuyu kimefukizwa na nani. Wakaendelea hivyo hata nikasahau kuandika. Nilihesabu maneno kumi na moja ya ladha na harufu ya maziwa katika lugha yao, na kwa Kiswahili walikuwa na manne. Mwalimu, ambaye hajui Kiorma, aliyaandika yote ubaoni kama alivyoyasikia, akiuliza herufi moja moja.

Kisha mvulana mmoja akanyamaza kidogo, akasema kwao siku hizi hawajui tena. Ng'ombe wao waliisha katika ukame ule wa mwaka 2020 mpaka 2023. Wananunua maziwa ya pakiti dukani. "Hayo ni mamoja tu," alisema. Hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo mwalimu alipowarudisha kwenye karatasi. Akawaambia kwamba kuna watu mbali sana ambao jamaa yao imekaa katika kilima kimoja kwa miaka mingi, na wanaweza kuonja kinywaji wakajua kimetoka upande gani wa kilima. Ninyi kinywaji hicho hamkinywi, akasema, na hakuna atakayewataka mkinywe. Lakini maarifa hayo mnayajua ni ya namna gani. Baada ya hapo kifungu kilisomeka kama kinavyosomeka kifungu kingine chochote. Walikosoa upatanisho wa "mvinyo nyeupe". Mmoja akauliza watoto wa ukoo ule wakihamia mjini inakuwaje, na mwalimu, ambaye nilikuwa nimemsimulia kisa cha Huet, akawaeleza.

Likabaki swali la tano. Mwalimu akafafanua habari ya hamira na sukari, akauliza wangelifasirije neno la Mfaransa badala ya "kavu". Wakajaribu "usio mtamu", wakajaribu "mchungu", wakalikataa wenyewe. Yule msichana akafikiri, akasema: "Mvinyo uliokwisha utamu."

Nimefundisha isimu kwa miaka kumi na saba. Nimekaa katika kamati za istilahi ambazo zilikula siku mbili na posho ya siku tatu bila kutoa neno lenye uhai kama hilo. Ndani yake mna wakati, mna tendo la hamira, mna ile asubuhi na jioni ya babu yangu. Tangu siku hiyo nalitumia darasani kwangu, na nikiulizwa chanzo nasema ni kidato cha tatu, Bangale.

Kuna mwalimu mwenzangu niliyemsimulia haya ambaye hakukubaliana nami. Yeye hushikilia kwamba karatasi ile haikustahili kufika pale kabisa, na kwamba mimi nimeigeuza bahati njema ya kijana mmoja kuwa hoja. Watoto wa Bangale, husema, wamepewa mtihani wa watu wengine tangu shule ilipojengwa, na siku watakapowekewa kifungu kuhusu maziwa ya ngamia, na watoto wa Nairobi ndio wanaokuna vichwa, hapo ndipo atakaponisikiliza. Sina la kumpinga. Namuongezea tu kwamba kifungu hicho cha maziwa nakitaka, na nakitaka pia kile cha Vouvray, na ninaposoma mapendekezo ya kuwapunguzia wanafunzi wa sehemu kame "mambo yasiyowahusu", huwa nauliza ni nani aliyepewa kazi ya kupima yanayowahusu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipima kwa kalamu nyekundu, asubuhi moja, nikiwa na haraka ya chakula cha mchana.

Kuhusu fomu, nilikata alama ya kwanza nikaandika ya pili pembeni na kutia saini. Ofisi inayoshughulikia mazoezi ya ualimu imenirudishia, ikieleza kwamba utaratibu hauruhusu alama mbili kwa mkaguzi mmoja, na kunitaka nieleze kwa maandishi ni kipindi kipi kati ya viwili ndicho nilichokikagua. Nimeandika kurasa mbili. Kijana bado anasubiri jibu, nami pia.